Uzi Mwekundu kwenye Kitanda cha Upepo

Mimi ni fundi wa maturubai, na mdomo wangu hauna breki. Nalisema hilo mapema usije ukanishangaa huko mbele.

Karakana yangu ina vyumba viwili. Cha mbele kina cherehani mbili nzito zinazotoboa mkanda wa ngozi kama zinatoboa karatasi, meza ndefu ya kukatia, na kalenda ya mwaka juzi ambayo sijaitoa kwa sababu picha yake ni nzuri. Huko nashona maturubai ya malori, mahema na mabegi. Cha nyuma ni cha gundi: maboti ya mpira, magodoro ya upepo, maboya. Sindano haiingii chumba cha nyuma. Sheria hiyo niliiweka mwenyewe, na aliyewahi kuivunja alitoka na sikio jekundu.

Kitu kikitoka chumba cha mbele utakijua kwa kona yake. Angalia kona ya chini, mkono wa kulia, utaona uzi mwekundu uliopita mara saba. Ndiyo alama yangu. Mama yangu ndiye aliyenifundisha, akaniambia alama huwekwa mwisho kabisa, kazi ikishakaguliwa ikapita. "Ukiweka alama kabla ya kukagua," alisema, "umetia sahihi kwenye uongo." Vitu vya chumba cha nyuma navipiga doa la rangi nyekundu kwa kidole, basi. Na kila nguo ya watu wangu wa nyumbani ina uzi huo ndani ya kola. Mume wangu alizikwa na shati lenye uzi mwekundu. Mwanangu, mtu mzima, muuguzi wa hospitali mwenye ndevu, bado ananiletea mashati mapya niyatie alama, na akisahau namkumbusha.

Mke wake hakuwa na alama hata moja.

Lazima niseme ukweli, maana mficha uchi hazai. Sikumpenda. Si kwamba alinikosea, hapana. Alikuwa na adabu, anapika, anacheka, ananiita Mama tangu siku ya kwanza. Lakini kazi yake ni kusafisha vioo vya maghorofa, ananing'inia kwa kamba huko juu na ndoo kiunoni, na siku za mapumziko, badala ya kukaa nyumbani miguu ipoe, anakwenda kupanda majabali. Kwa raha zake! Nilimwambia mwanangu, umekwenda kuoa mjusi. Maneno yakamfikia. Mwingine angenuna mwezi mzima. Yeye alikwenda akaandika MJUSI kwenye kofia yake ya kupandia, kwa herufi kubwa, akaja kunionyesha. Nifanye nini na mtu kama huyo?

Mwaka wao wa kwanza wa ndoa nilimshonea begi la kamba zake. Begi zuri, la turubai zito. Nililikagua, likapita, nikampa bila alama. Aliligeuza kona ya chini, mkono wa kulia, akaangalia, akasema, "Asante, Mama, ni zuri sana." Aliona. Na mimi niliona kwamba ameona. Hatukulizungumza jambo hilo miaka mitatu.

Basi, siku moja alikuja karakana na mwenzake wa kupanda, binti mrefu mwembamba tunayemwita Pacha, ingawa hawana hata undugu, kwa sababu ukimwona mmoja mwingine yuko nyuma ya mlango. Akaniuliza kama naweza kutengeneza kitanda.

"Kitanda? Fundi seremala yuko mtaa wa pili."

"Cha kuning'inia, Mama. Kwenye jabali."

Nikaweka mkasi chini. Akanieleza taratibu. Kuna jabali moja, mwendo wa saa tatu kwa gari, limesimama wima kama ukuta, refu kiasi kwamba huwezi kulimaliza kwa siku moja. Jua likizama mpandaji anabaki huko huko katikati, hana pa kukaa. Kwa hiyo watu hutundika kitanda kwenye vyuma walivyovipigilia mwambani, wakalala, asubuhi wakaendelea. Hivyo vitanda vipo, vya mabomba ya chuma na kitambaa, ila ni vizito, kimoja unakivuta kwa kamba siku nzima mpaka mabega yanalia. Na bei yake ni ya pikipiki mpya. Kikundi chao chote, watu kumi na wanne, hakikuwa na hata kimoja.

"Sasa mimi nikawaza," akasema, "boti ya mpira ina sakafu ya kujaza upepo. Ukiipiga pampu inakuwa ngumu kama ubao. Ukiitoa upepo unaikunja unaitia begini."

Nilitaka kumwambia aende zake. Haki ya Mungu, neno lilikuwa mdomoni. Lakini ufundi ni ugonjwa. Tayari nilikuwa naiona sakafu ya boti moja kuukuu iliyolala nyuma ya mlango wangu, ile ya aina ambayo ndani yake ina maelfu ya nyuzi zinazoshika juu na chini ili isivimbe kama puto. Nikaiona imekatwa, imezibwa kando, imepitishiwa mikanda chini kwa chini ili uzito ubebwe na mikanda, si na gundi. Nikamwuliza, "Kilo ngapi mnaweza kubeba?"

"Nne, Mama. Tano tukijikaza."

"Nitawapa nne," nikasema, kwa hasira, kama vile wamenitukana.

Tulikaa juu ya kazi ile wiki tano. Alikuwa anakuja akitoka kwenye vioo vyake, anavua viatu mlangoni, anaingia chumba cha nyuma kunishikia vipande. Ana mikono ya ajabu yule mtoto. Vidole vimepasuka, ncha zake ngumu kama soli. Siku moja nikamwona anatoa kichupa cha gundi kali, ile ya kushikisha kikombe kilichovunjika, anajipaka kwenye ufa wa kidole.

"We! Unafanya nini?"

"Naziba, Mama. Usipoziba ufa utajenga ukuta." Akacheka peke yake. Kisha akatoa kipande cha msasa akasugua ngozi ya kidole kama mtu anayesugua meza.

Nilimfokea, nikamtafutia mafuta ya mgando, nikampaka mwenyewe kidole kwa kidole. Akaniacha. Sijui kwa nini siku ile nilikumbuka kwamba mama yake alifariki yeye akiwa mdogo. Nilikuwa najua siku zote, ila sikuwa nimewahi kulikumbuka.

Tulikosana mara moja tu. Aliomba nimfungie viraka vichache na kopo dogo la gundi yangu, akae navyo huko juu kwa tahadhari. Ala! Nikamjibu kwamba kazi yangu haijawahi kutembea na kiraka chake mfukoni, na kama haniamini akanunue hicho cha bei ya pikipiki. Akasema, "Nakuamini, Mama," akaacha. Mdomo huu, jamani. Ungenipa nafasi ya kurudisha neno moja tu maishani, ningerudisha hilo.

Kitanda kilipokamilika nilikijaza upepo mpaka kikalia ukikipiga kwa kofi. Tukakitundika kwenye boriti ya chumba cha nyuma. Nikapanda mimi, na unene wangu huu. Akapanda yeye, akapanda Pacha, akapanda mwanangu na ndevu zake. Hakikutikisika. Nikakipaka povu la sabuni kila kona, sikuona hata kiputo kimoja. Nikakiacha siku mbili mchana na usiku. Siku ya tatu kilikuwa vile vile, kigumu.

Niliwaambia, "Kimepita." Wakarukaruka kama watoto, wakanikumbatia mpaka kilemba kikavuka.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana ndipo lilipotokea. Kitanda kilikwisha kukaguliwa. Nikakitoa upepo, nikakikausha, nikakibeba kwenda chumba cha mbele ili nimalizie kushona ncha za mikanda na kukitia begini. Hakuna kitu kilichowahi kutoka nyuma kikaja mbele. Kila kitu kina chumba chake. Hiki ndicho kilikuwa cha kwanza.

Nilimaliza mikanda. Nikakaa nakitazama. Nikamfikiria yule binti na vidole vyake, na lile begi nililompa kona tupu. Moyo ukanilainika, nasema kweli, nikaona aibu. Nikasema leo nitampa. Nikatunga uzi mwekundu kwenye sindano nene, nikashika kona ya chini, mkono wa kulia, nikapitisha mara saba, nikavuta, nikafunga fundo, nikakata kwa meno. Nilikuwa naimba. Nikakikunja, nikakitia begini, nikamkabidhi asubuhi yake bila kusema lolote, maana nilitaka akaione mwenyewe.

Walikwenda siku ya Ijumaa. Jumamosi saa nane kasoro mchana nilikuwa namalizia turubai la lori la dereva mmoja tunayemwita Breki. Ameitwa hivyo kwa sababu huendesha kama amebeba mayai, hata kuku humpita. Yeye alikuwa amekaa kwenye kiti changu cha wageni anasubiri. Mwanangu akaingia mbio na simu mkononi, meno yote nje.

"Mama, angalia! Ameituma asubuhi kabla hawajaanza kupanda. Ndiyo kwanza imenifikia."

Picha ilikuwa ya mkwe wangu, amevaa kofia yake ya MJUSI, jabali liko nyuma yake. Ameshika kona ya kitanda kilichokunjwa, anaibusu. Chini ameandika: Mwambie Mama nimeiona.

Machozi yalinilenga. Nikatabasamu kama mjinga mbele ya Breki. Nikairudisha simu, nikatunga uzi mwekundu, nikashika kona ya turubai la lori, nikachoma sindano.

Mkono ukasimama.

Niliitazama ile sindano iliyopenya upande wa pili. Nikaitazama tena. Yarabi! Nilikuwa nimetoboa kitanda cha upepo. Mara saba kwenda, mara saba kurudi. Baada ya kukikagua. Kikiwa hakina upepo, kwa hiyo hakikupiga hata mluzi wa kunionya.

Nikamwonyesha mwanangu sindano na turubai, halafu picha ile. Yeye ni mtu wa hospitali, si wa maturubai, lakini aliona uso wangu. Akanishika mabega akaniketisha, nikamweleza.

"Si wamejifunga kamba?" Breki akauliza. "Hata kitanda kikinywea hawataanguka."

Mwanangu akatikisa kichwa. Akaeleza polepole, kama anayewaeleza ndugu wa mgonjwa. Mkanda wa kiunoni unakuzuia usianguke, lakini ukining'inia humo saa nyingi bila kukanyaga popote, damu inakusanyika miguuni. Mtu anazimia. Akizimia huko juu, kwenye baridi, hakuna wa kumshusha. Hakumaliza sentensi yake ya mwisho. Alipiga simu ya mke wake. Ilikuwa imezimwa. Wakiwa wanapanda huizima kutunza chaji, kisha yeye huiwasha saa kumi na mbili jioni, dakika chache tu, ampigie mumewe amwambie wako salama.

Ule uzi mwekundu wenyewe utaziba matundu kwa muda, nilijua. Ndiyo hatari yake. Kingevuja papo hapo wangegundua wakiwa macho. Hiki kitapumua kidogo kidogo, wao watapiga pampu, watalala, na wakigeukageuka juu yake matundu yatapanuka wakiwa usingizini.

Hapo shetani alinijia, sifichi. Aliniambia, kwani lazima ujue ni nini? Mwambie mwanao amwambie mkewe kuna kasoro kwenye ile sakafu ya boti, mpira umezeeka. Nani atajua? Miaka thelathini na moja jina langu halijavuja, na nani anataka kumwambia mkwe wake kwamba alama ya kwanza aliyowahi kumpa imemtia kaburini? Nilimsikiliza yule shetani kwa muda wa kumeza mate. Kisha nikasimama nikafunga kilemba.

"Twende," nikasema. "Nataka kuliona hilo jabali."

Breki hakuuliza. Turubai lake lilibaki mezani na sindano yangu imechomekwa ndani. Na siku hiyo hakukumbuka jina lake, nakuambia, lile lori lilikwenda mpaka nikashika dashibodi kwa mikono miwili. Kabla sijapanda nilikuwa nimenyakua viraka na kopo la gundi. Sijui nilifikiri nitawarushia.

Tulifika saa kumi na moja kasoro. Chini ya jabali kuna kibanda cha mlinzi wa msitu, mzee mpole aliyetupa darubini yake. Nikainua, nikatafuta, nikapandisha, nikapandisha tena. Lo! Sikuwa najua. Miaka mitatu nilimwita mjusi na sikuwahi kuja kuona anapanda nini. Ukuta mtupu, wa kijivu, hauna hata mti. Na katikati yake, madoa mawili yanasogea kidogo, yanasimama, yanasogea. Nilipiga kelele mpaka koo likakwaruza. Mlinzi akaniambia kwa upole kwamba huko juu upepo hula sauti yote.

Tukakaa juu ya mawe tukangoja. Saa kumi na moja na nusu tuliona kitu cha rangi ya machungwa kinafunguka kwenye ule ukuta. Kitanda changu. Kilikunjuka, kikajaa polepole, kikanyooka. Mwanangu hakuondoa jicho kwenye simu. Ilipofika kumi na mbili na dakika tatu ikaita, akaipokea, akasema, "Mke wangu, ongea na Mama," akanipa.

"Mama!" Sauti ilikuwa na upepo na furaha. "Mama, kitanda chako! Tumekaa kama wafalme. Pacha anasema—"

"Kinapumua?"

"Kidogo tu. Tumekipiga pampu mara mbili. Pacha anasema ni baridi, upepo wa ndani umesinyaa."

"Si baridi," nikasema. "Ni mimi."

Nikamwambia yote. Sikuzunguka. Nikamwambia nilikipima, kikapita, halafu nikakitoboa mwenyewe kwa mikono yangu kwa sababu ya ile alama, na matundu yako chini ya uzi mwekundu, na wasilale juu yake hivyo hivyo, wakilala hawataamka vizuri. Nikamwambia nilimnyima viraka kwa kiburi changu, na sasa viko hapa chini kwenye gunia, havina kazi. Nilikuwa nalia na nilikuwa sijali nani ananiona.

Akauliza, kwa sauti ya mtu aliye kazini, "Nifanye nini, Mama?"

Hapo nikapata nguvu. Akiniuliza mtu nifanye nini, hata kaburini nitajibu. "Una ile gundi yako ya vidole?"

"Ninayo."

"Na msasa?"

"Upo."

"Jifungeni kamba vizuri mtoke juu yake. Toa upepo wote. Lile begi la kitanda ni la turubai la mpira, kata kipande kama kiganja, kona zake ziwe mviringo. Halafu ule uzi, usiuvute! Ukiuvuta unaacha matundu wazi. Ukate juu juu, pande zote mbili, usawa wa mpira, wa ndani uache uwe kizibo. Usugue kwa msasa, gundi, kiraka, ukandamize, uhesabu mia mbili. Kisha upande wa pili hivyo hivyo."

"Sawa," akasema. Kisha nikasikia amesimama. Mwanangu akanitazama, nami nikamtazama.

"Umekata?"

"Mama," akasema, na sasa haikuwa sauti ya kazini, "hakuna njia ya kubandika kiraka juu yake tu? Bila kukata?"

"Haitashika. Uzi utainua kiraka. Kwa nini?"

"Nimeingoja miaka mitatu."

Jamani. Nimezika mume, nimezika mama, na sijawahi kusikia neno likanichoma vile. Binti amening'inia kwenye ukuta, jua linazama, kitanda kimenywea miguuni mwake, na anachokihofia ni kukata uzi wangu. Nani alimfanya hivyo? Mimi. Mimi na sindano yangu, mbahili wa uzi.

"Kata!" nikapiga ukelele mpaka mlinzi akatoka kibandani. "Kata, mwanangu! Uzi ninao ndoo nzima! Nitakushonea kola, nitakushonea soksi, nitakushonea pazia, nitakushonea mpaka useme basi! Kata, tafadhali, urudi!"

Nikasikia anacheka, au analia, kwa upepo ule huwezi kujua. Kisha nikasikia kisu.

Tulihesabu wote mia mbili. Mimi, mwanangu, Breki, hata mlinzi, tumesimama kwenye mawe tunahesabu kwa sauti kama darasa la kwanza. Tukahesabu tena kwa upande wa pili. Wakapiga pampu. Nikamwambia ateme mate juu ya kiraka, maana sabuni hawana, aangalie kama povu linatoka.

"Niteme mate kwenye kazi yako, Mama?"

"Tema! Na Pacha ateme."

Wakatema. "Hakuna kitu," akasema. "Mama, hakuna hata kiputo. Chaji inaisha." Simu ikakatika.

Kulivyokuwa hapo katikati sisimulii, sikuona kitu na sikulala. Kulipopambazuka nilikuwa nimeshainua darubini kabla macho hayajafunguka vizuri. Kitanda kilikuwa pale pale, kimenyooka, rangi ya machungwa imeshika jua. Pembeni yake ulikuwa umening'inia mguu mmoja, unachezacheza kama wa mtoto aliyekaa ukingoni mwa maji. Nikampa mwanangu darubini. Alitazama muda mrefu, kisha akakaa chini akafunika uso.

Walifika kileleni mchana ule, wakashuka kwa njia ya nyuma, ile ya miguu. Nilimwona anatokea kwenye miti, uso umebabuka, kitanda mgongoni. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri ya kuomba radhi. Yote yalinitoka. Yeye alikumbatiana na mumewe, akaja kwangu, akatoa mfukoni kipande cha plasta ya vidole kilichokunjwa. Ndani yake mlikuwa na vipande vya uzi mwekundu, vyote, hakudondosha hata kimoja.

"Nimevihesabu," akasema. "Kumi na vinne."

Siku hizi tunatengeneza vitanda hivyo, kikundi chao cha watu kumi na wanne kimepata saba, na kila kimoja kinatoka na mfuko wa viraka. Alama yangu iko kwenye mkanda, mahali ambapo sindano ina ruhusa. Aliyenichagulia mahali hapo ni yeye.

Lakini siku ile, pale chini ya jabali, sikuwa na haja ya kuchagua. Sindano yangu ya akiba ilikuwa imechomekwa kwenye kilemba changu, kama kawaida, na uzi wake mwekundu. Nikamwambia geuka. Akageuka. Nikashika kola ya koti lake, lenye vumbi na jasho la siku mbili, nikaanza kushona likiwa mwilini.

"Mama," akasema, mgongo umenielekea, "si ulisema alama huwekwa mwisho, kitu kikishakaguliwa kikapita?"

"Nyamaza, nitakuchoma."

"Kwani nimepita?"

"Ulipita zamani," nikasema. "Ni mimi niliyechelewa kushona."

Mabega yake yakawa yanatikisika, na ilibidi nimshike kwa mkono mmoja ili nisikosee. Nikapitisha mara saba, kisha nikapitisha ya nane, na sikukata uzi mpaka alipotulia.